Mwaka wa Goti

Wiki iliyopita tulimwoza Batuli, na timu yetu nzima ya mpira ya shule ikakutana tena ndani ya ua wa mama yake hapa Kizingitini, sisi tuliokuwa tukikimbia kiwanjani na suruali ndani ya sketi, mitandio tumeifunga kisogoni kama wapishi wa shughuli. Sasa mmoja ana watoto watatu, mwingine anauza nguo Mombasa, mwingine amenenepa hata nilimwamkia shikamoo nikidhani ni mamake. Batuli mwenyewe, aliyekuwa kipa wetu, amekalishwa juu ya kitanda na hina mbichi mpaka viwiko, haruhusiwi kushika kitu, na kila anayempita anamwambia, "Nikune pua, tafadhali, nakufa." Tukamjibu kwamba leo ndiyo siku ya kumfunga mabao, maana mikono haina kazi. Tulicheka mpaka tukafukuzwa na wapishi. Na pale pale, katikati ya kicheko, nikamwona msichana wa kidato cha pili amekaa pembeni, mguu umefungwa bendeji na kuwekwa juu ya kiti cha plastiki. Anachezea timu ya shule sasa, nafasi ile ile niliyokuwa nikicheza mimi. Watu walikuwa wanamwuliza hali, na kabla hajafungua mdomo mamake, Bi Saumu, anajibu, "Hajambo, alhamdulillahi. Ni mtezo tu, mchezo wa mpira, utapita." Binti anatabasamu kwa meno peke yake. Nilikuwa nanyonyesha, na hasira ilinipanda mpaka mtoto akaachia ziwa akanitazama. Nikasema mbele za watu, "Bi Saumu, aliyeulizwa ni wewe au ni yeye?" Mtu akasema nyuma yangu kwamba Mwanasha ulimi hajaupunguza tangu utotoni. Si kweli. Upo mwaka mmoja niliupoteza kabisa, na ndio huo nauandika. Nilizaliwa nyumba gani na babangu alikuwa nani mtajua siku nyingine, au msijue.

Nilikuwa kidato cha tatu, winga wa kushoto. Kwetu msichana akikimbia huulizwa nani anamfukuza, na mimi jibu langu lilikuwa hakuna, mimi ndiye ninayefukuza. Mwalimu Kombo, aliyekuwa akitufundisha kilimo darasani na mpira jioni, alikuwa hana filimbi, anapiga mluzi kwa vidole viwili na mluzi ule ukiufikia mtaa wetu hata mbuzi wanainua vichwa. Aliniita Kidege. Jina likashika, mpaka watoto wa chuo cha Kurani wakawa wananiita hivyo njiani, mpaka muuza duka akawa ananipa peremende akisema hii ya mabawa. Naandika hivi nikitabasamu, na sioni aibu. Watu husema mpira ni mchezo. Wanaosema hivyo hawajawahi kupata mpira ubavuni mwa kiwanja, jua linachoma shingo, beki mbele yako hajui uende kulia au kushoto, na wewe mwenyewe bado hujui, miguu ndiyo inayojua. Darasani nilikuwa wa katikati. Nyumbani nilikuwa wa kutumwa. Pale ubavuni nilikuwa mimi.

Tulikuwa Mbwajumali, kijiji cha jirani, kwenye kiwanja chao, na tulikuwa tunaongoza. Hakuna aliyenigusa, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwamba sikupata hata mtu wa kumlaumu. Niligeuka kumwacha beki, mguu ukazama kwenye mchanga, mwili ukaenda, goti likabaki. Nilisikia mlio kama kijiti cha muhogo kinapovunjwa. Nikarudishwa nyumbani kwa pikipiki, nimebanwa katikati ya dereva na Mwalimu Kombo, ambaye njia nzima alikuwa akinisomea sikioni kila sura aliyoihifadhi na zingine akazichanganya. Mamangu akamwita Bi Rukia, mkandaji wa mtaa, aliyelisugua goti kwa mafuta ya nyonyo ya moto nami nimeuma leso, na kulipokucha goti lilikuwa papai. Ndipo tukavuka kwenda Lamu. Daktari akasema kano la ndani ya goti limechanika, bahati halikukatika lote. Akakataza kukandwa. Mpira nisiuguse mpaka mwaka uelekee kwisha, na hapo pia nianze polepole. Akaandika dawa ya maumivu. Bi Rukia alipopewa habari alisema yeye alijua tangu siku ya kwanza kwamba ni kano, ila hakutaka kututia hofu.

Sasa nieleze chumba. Mamangu alitoa kitanda changu ndani akakiweka chumba cha mbele, mkabala na mlango, kwa sababu mgonjwa kwetu hafichwi. Kumjulia mtu hali ni haki yake juu yako, na wewe ukiwa mgonjwa ni haki yako kuonekana. Basi nilionekana. Walikuja asubuhi wanaotoka sokoni, wakaja adhuhuri, wakaja baada ya alasiri na watoto wao, wanavua viatu mlangoni mpaka ukadhani pale ndani kuna maulidi. Kila mmoja alikuja na supu ya miguu ya ng'ombe, kwa imani kwamba mguu huponywa na mguu. Sijui ng'ombe wa kisiwa chetu cha Pate mwaka ule walisimama juu ya nini. Supu ya pilipili manga, supu ya ndimu, supu yenye mafuta yaliyoganda juu kama sahani ya pili, pamoja na mkate wa mofa wa kuchovya, na kukataa ni kumtukana aliyepika. Kisha wanakaa kwenye mikeka na kuzungumza juu ya kichwa changu kama niko safarini.

"Mtoto wa Bi Halima wa Chundwa alianguka hivi hivi. Mpaka leo anakwenda upande."

"Lakini ameolewa."

"Ameolewa na mvuvi. Mvuvi yuko baharini, anaona wapi anavyokwenda?"

"Huyu wetu atapona, inshallah. Tena afadhali. Sasa atatulia."

Hilo la mwisho, afadhali, sasa atatulia, nililisikia kwa midomo mingi tofauti, na wote walikuwa wanawake wanaonipenda. Kisha wakati wa kuondoka mmoja ananiinamia, ananishika shavu, "Mwanangu, yeo umeamkaye?" Nami ninajibu sijambo. Tumefundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kutembea. Mtu anatapika, unamwuliza hali, anajibu njema, kisha ndipo anasema ila natapika. Ni adabu, na sina ugomvi na adabu. Ugomvi wangu ni kwamba mimi ile ila sikuifikia. Nilisema sijambo, alhamdulillahi, nikanyamaza, wao wakamshukuru Mungu kweli kweli wakaenda kuwaambia wengine kwamba nina subira kama mtu mzima. Nikasifiwa. Kadiri nilivyokuwa nazama ndivyo nilivyosifiwa.

Na mama, kwa mapenzi yake, alikuwa ameweka sheria mlangoni. Kila aliyeingia alinong'onezwa, "Mpira usitajwe." Alidhani unanichoma. Basi wenzangu wa timu walikuja, wamevaa vizuri, wakakaa wamebana magoti, wakaniambia habari za mtihani wa hisabati, bei ya kamba na paka aliyezaa stoo ya shule. Hakuna aliyesema nani sasa anacheza kushoto. Wiki zikapita wakaanza kuja wachache, kwa sababu habari za paka nazo zina mwisho. Kiwanja kiko nyuma ya nyumba zetu. Kila jioni nilisikia mluzi wa Mwalimu Kombo, halafu kelele zao, halafu lile neno, toa, toa, toa, nami najifunika mto masikioni. Niliacha kusuka nywele. Daftari zililetwa nikaziacha zilivyoletwa. Nililala mchana kutwa na bado nilikuwa nimechoka. Nitasema wazi kwa kuwa hakuna aliyenisemea: sikutaka kufa, lakini sikuona kazi ya kuamka. Nilikuwa nikijiuliza, kama mimi ni Kidege na sasa siruki, huyu aliyelala hapa analishwa supu ni nani? Hilo ndilo jeraha. Lile la goti lilikuwa na bendeji na kila mtu aliliona, na goti lenyewe, niwaambie, wakati huo lilikuwa limeanza kupona bila kunishauri.

Nikifikiria sasa, na mwanangu wa kiume anakimbia uani akianguka kila hatua, naona mtu wa michezo akiumia hupoteza vitu vingi siku moja: hupoteza saa zake, watu wake, jina lake, na ile njia ya kutoa hasira kwa jasho. Sisi tulishughulikia mguu tu, tena kwa mafuta ya moto. Hili ndilo nililomwambia yule binti kwenye harusi ya Batuli, baada ya mamake kununa na kwenda jikoni. Nilimketisha mwanangu mapajani mwake, nikamwuliza, "Nani anacheza kushoto sasa?" Akanitazama kama nimemfungulia dirisha. Akaongea mpaka wali ukaletwa, akimchambua huyo aliyechukua nafasi yake, hajui kupiga krosi, anakimbia ameinamisha kichwa kama anatafuta sarafu. Alikuwa anatetemeka, na alikuwa anacheka. Nilikuwa namjua huyo anayetetemeka na kucheka. Mimi kicheko hicho kilinijia kwa njia ya matusi.

Palikuwa na harusi mwaka ule, kijana wa mtaani kwetu anaoa Mbwajumali. Shughuli ikaanza huko kwao, na wanawake wakapiga vugo, wanapita njiani wakigonga pembe za ng'ombe kwa vijiti na kuimba, na kama kuna mtu wa kuchokozwa siku hiyo ndiyo siku yake. Kesho yake Batuli akaja kwetu. Mama akamnong'oneza sheria ya mlangoni, naye akaitikia, "Ndiyo mama, ndiyo mama," akaingia, akakaa kitandani kwangu juu ya mguu mzima, akatoa simu.

"Mamako amesema mpira usitajwe. Mimi sitaji. Sikiliza wanaotaja."

Ulikuwa ujumbe wa sauti. Pembe zinalia, wanawake wanacheka, na sauti moja kali juu ya zote:

*Kidege cha Kizingiti, kilivuma kwa kuruka,*
*Sasa kimelaza goti, kwa supu kinaumuka.*

Batuli akanitazama kwa hofu, kama mtu aliyewasha fataki na haijalia. Mimi nilikuwa nimeshika shuka. Kinaumuka, kama unga wa maandazi. Nikajitazama tumbo. Nikaanza kucheka, kicheko kilichotoka mahali palipokuwa pamefungwa miezi, nikacheka mpaka nikalia, kisha nikalia bila kucheka, na Batuli naye akalia bila kujua kwa nini, akisema, "Basi, naifuta, naifuta." Nikamwambia akiifuta nitamvunja goti lake. Wale wa Mbwajumali, Mungu awape heri, walikuwa watu wa kwanza kusema niliyokuwa nayaona. Nilikuwa naruka, sasa siruki, na ninanenepa. Hawakuniambia afadhali.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Alikuwa amesikia yote. Nilidhani atamfukuza Batuli. Akaweka sinia chini, akasema kwa sauti ya mtu aliyetukaniwa ukoo, "Nani huyo? Mtoto wa nani huyo?" Kwa maana vugo ina sheria yake, na sheria hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya mlangoni kwetu: aliyeimbwa ndiye anayejibu. Akijibiwa na mwingine ameshindwa, na mtaa wake umeshindwa naye. Bibi harusi alikuwa analetwa kwetu siku chache baadaye, na wanawake wa Mbwajumali watakuja naye. Jioni ile chumba kilijaa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza hali. Waliniuliza vina.

"Mwambie wao kwao wanakula papa mwaka mzima."

"Mwambie goti letu lililolala lina mbio kuliko yao yaliyosimama."

"Hilo refu, halikai kwenye wimbo."

"Litakaa ukilibana."

Niliwaacha waseme. Nilikuwa na yangu, na nilikuwa siyaonyeshi mtu.

Nilitolewa nje siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu Lamu, nimesukwa, nimevaa, nikiegemea mkongojo upande mmoja na Batuli upande mwingine. Njia ilikuwa imejaa leso. Wa Mbwajumali walikuja na pembe zao wakiimba, na waliponiona wakarudia kile kidege, mara mbili, kwa madaha, na yule mwenye sauti kali alikuwa mama mnene mwenye jino la dhahabu ambaye alinikonyeza kabisa. Kisha pembe zikatulia, zamu yangu. Sauti yangu si nzuri. Niliitoa hivyo hivyo:

*Ni kweli nimeumuka, supu sikuiagiza,*
*Goti si lililochoka, moyo ndio wanilaza,*
*Sijambo nikitamka, mjue nawapumbaza,*
*Nalia mkiondoka, sauti nikiipoza.*

Walikuwa wamejiandaa kwa tusi. Mtaa wangu ulikuwa umeinua vijiti tayari kushangilia tusi, na vijiti vikabaki hewani. Nikaona mmoja baada ya mwingine, wale waliokaa kwenye mikeka yetu, akitazama chini kama ameangusha kitu. Nilidhani nimeharibu harusi ya watu. Basi yule mama mwenye jino la dhahabu, adui yangu, akagonga pembe yake mara moja, polepole. Akarudia mstari wangu wa moyo. Wenzake wakaitikia. Na wetu, kwa kuwa hawawezi kukubali Mbwajumali iimbe wimbo wa Kizingitini vizuri kuliko wao, wakaingia kwa nguvu, na nikajikuta nimesimama katikati ya wanawake wa vijiji viwili wanaimba kwa furaha kubwa kwamba mimi ninalia wakiondoka. Waliucheza. Watoto waliucheza. Bibi harusi alifunua mtandio kuona kuna nini. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anajua.

Asubuhi yake mama aliingia na chai. Akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo alikuwa halifanyi kwa sababu kuna kazi. Akasema, "Goti liwate. Moyo umeamkaye?"

Nikasema, "Vibaya."

Nilisubiri alhamdulillahi. Hakuisema. Akavunja mkate wa mofa, akanipa kipande kikubwa, akala kingine mwenyewe, tukanywa chai. Baadaye akauliza, "Ule mluzi wa jioni, ndio unaokuliza?" Nikasema ndio. "Nami nilikuwa nafunga dirisha kumbe nakufungia humo humo," akasema, na hapo akalia yeye, kwa ufupi, kama mtu anayepiga chafya, akaondoka na vikombe. Siku hiyo kitanda kilirudi ndani. Wageni wakapewa saa zao. Supu ikapigwa marufuku, mama akitumia jina la daktari ambaye hakuwahi kusema hivyo. Na jioni akanishika mkono akanipeleka mpaka ukingoni mwa kiwanja, akanikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya Mwalimu Kombo, akarudi nyumbani bila kutazama nyuma.

Sisemi kwamba nilipona siku hiyo. Kukaa juu ya ndoo na kumwona Nuru, mdogo wa Batuli, akikimbia ubavuni kwangu kulikuwa kuchungu, na siku nyingine nilirudi nyumbani kabla ya kipindi cha pili. Lakini niliporudi nilisema kwa nini. Mwalimu alinipa kazi ya kumwonyesha Nuru anakosea wapi, nami nilikuwa mkali kwake mpaka akanipachika jina ambalo sitaliandika. Daktari aliporuhusu mazoezi, maji yakipwa tulishuka ufuoni, mama amekunja leso, mimi natembea ndani ya maji ya magotini mbele na nyuma, wanawake wanaotafuta pweza wakiniuliza kutoka mbali, "Moyo, Mwanasha?" Wakati mwingine nilijibu mzuri. Wakati mwingine nilijibu mbaya, nao wakasema haya, wakaendelea na pweza wao, na wala dunia haikuanguka. Nikajifunza kukimbia tena. Kukimbia kulikuja haraka. Kilichokataa ni kugeuka. Kila nikifika pale pa kumwacha beki nilisikia kile kijiti cha muhogo, na miguu, ile iliyokuwa ikijua, ikasimama na kuniuliza mimi. Mwalimu Kombo hakunisukuma. Aliniambia tu, "Hofu yako si ya goti, Kidege. Unaogopa kile chumba." Alikuwa amesema kweli.

Muhula wa mwisho Mbwajumali walikuja kwetu. Watu walikuja wengi kuliko mpira ulivyostahili, na yule mama wa jino la dhahabu alikuja na pembe. Tulikuwa tumefungwa mawili kwa moja, na muda umebaki kidogo, Mwalimu alipopiga mluzi kuniita. Nuru akatoka, akanipiga kofi la mgongo la kisasi, nikaingia. Mama alikuwa mstarini. Alikuwa hajawahi kutazama mechi maisha yake yote. Mpira wa kwanza niliurudisha nyuma, wa pili pia, na nikamsikia mtu akisema masikini. Wa tatu Batuli aliupiga kutoka golini ukanijia juu ya ubavu, jua shingoni, beki mbele yangu, na sikupata muda wa kuuliza kitu. Niligeuka. Beki akanipiga kumbo la halali kabisa na nikaanguka kwa goti lile lile, kishindo, mchanga mdomoni.

Nililala pale nikisikiliza ndani ya goti kama mtu anayesikiliza kama kuna mwizi ndani ya nyumba. Hapakuwa na mtu. Liliuma kama linavyouma goti lolote lililoanguka. Batuli alikuwa ameacha goli lake wazi anakimbia kwangu huku analia, Mwalimu ameshika kichwa, na yule beki amenipa mkono. Kisha kutoka mstarini nikaisikia sauti ya mamangu, ile iliyokuwa ikinong'ona mlangoni kwetu miezi ile yote, imepasuka kwa hasira kiwanja chote kikageuka kumtazama:

"Mwanasha, ondoka hapo, mpira uko kwao!"

Nikainuka, nikaufuata.